Mzee aliyekuwa mpiga picha jeshini, usimpe simu, mpe kamera

Mkuu mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mzee wako kastaafu jeshi, miaka yote alikuwa mpiga picha wa kikosi enzi za mikanda, sasa hivi anashinda nyumbani Kitunda na redio yake, unataka umnunulie kamera ya dijitali na unauliza ipi, na kama kwa umri ule ataiweza. Wengi humu wamekujibu mpe simu kali inatosha. Mimi nakuomba usifanye hivyo, manake hiyo njia nimeipita mwenyewe.

Niliingia jeshini 1984, wakubwa zetu kazini ndo walikuwa wametoka Kagera miaka michache nyuma, nikafundishwa kupiga na kusafisha picha na nikaifanya kazi hiyo hiyo mpaka natoka 2008. Watu wakisikia mpiga picha wa jeshi wanawaza vita, lakini kazi yenyewe kubwa ni gwaride, mafunzo, wageni, vifaa vipya, misiba ya wenzetu, na picha za vitambulisho maelfu kwa maelfu. Siku ya gwaride la 9 Desemba pale uwanja wa taifa wa zamani, huu unaoitwa Uwanja wa Uhuru, unapewa mikanda miwili, yaani picha 72 kwa sherehe nzima, na ukirudi kila fremu unaiandikia daftarini namba, tarehe, mahali, nani yupo kushoto nani kulia. Ukipoteza moja unaeleza. Kwa hiyo ukimuona mzee wako anashika simu anasita hata dakika nzima kabla hajabonyeza, usimharakishe, hajashindwa teknolojia, anahesabu.

Dakirumu, kile chumba cha giza cha kusafishia picha, nayo ilikuwa na kazi yake hapa Dar. Dawa ya kusafishia ile D-76 inataka nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar hayajawahi kuwa nyuzi 20 hata mwezi wa saba, basi tunanunua barafu tunaweka kwenye beseni, chupa ya dawa inakaa humo, mtu anasimama na kipimajoto, ukiacha ikapanda mkanda unatoka na chenga kama mchanga. Nakueleza haya ujue mzee wako ana elimu kubwa sana ya mwanga kichwani, ye anachokosa ni kifaa kinachoongea lugha yake. Simu haiongei lugha hiyo, simu inaamua yenyewe.

Halafu kuna jambo moja ambalo hatalisema, nalisema mimi. Picha zote nilizopiga miaka 24 hakuna hata moja yangu. Nilikabidhi na negativu zake, ndivyo inavyotakiwa na sina kinyongo kabisa, ile ni mali ya jeshi. Lakini nilivyorudi uraiani nikafungua kabati nikakuta picha za wanangu ni zile za studio tu, mtoto kasimama mbele ya pazia lenye maua kapakwa poda. Nilikuwa nje napiga picha za watoto wa taifa zima, wa kwangu wakakua bila picha. Hilo liliniuma miaka mingi. Ndo maana kamera hii ya uzeeni kwangu siyo mchezo wa kupotezea muda, ni mara ya kwanza naamua mwenyewe nimpige nani.

Sasa vifaa. 2019 binti yangu alininunulia Nikon D3200, mtoto kajitahidi, Mungu ambariki. Mimi nilikuwa na lenzi yangu ya mm 50 ya kuzungusha kwa mkono niliyoinunua kwa hela yangu nikiwa kazini, nikaifunga, ikaingia vizuri tu kwa sababu mdomo wa lenzi za Nikon za aina hii ni ule ule tangu 1959, ukiacha hizi mpya za Z. Lakini mita, yaani kipima mwanga cha ndani, haisomi! Mwili wa kamera ile hauna kidude cha kuhisi pete ya apecha (tundu la kupitishia mwanga) ya lenzi za zamani, kwa hiyo unapiga kwa kubahatisha. Nilihangaika kama miezi miwili mpaka kijana mmoja fundi akanielekeza nitafute Nikon D7000 iliyotumika. Ni kamera ya 2010, megapikseli 16, watu wanaiona ya zamani, ila kile kidude inacho, unaingia kwenye menyu mara moja unaiambia hii lenzi ni mm 50 apecha yake kubwa ni 1.8, basi, mita inasoma kama FM2, ile Nikon ya mkanda, vile. Siku hiyo nilikaa uani mpaka magharibi napiga majani ya mwembe tu.

Ukienda kununua iliyotumika piga picha moja pale pale dukani, ihamishie kwenye kompyuta uangalie shata (pazia linalofunguka kila ukibonyeza) imefyatuka mara ngapi, namba hiyo inajificha ndani ya faili la picha. D7000 shata yake imepimwa kuhimili mara 150,000, ukikuta imeshapita huko iache. Na lenzi imulike na tochi kwa nyuma. Mimi niliuziwa moja Kariakoo nikaifungua nyumbani nakuta fangasi ndani kama utando wa buibui, nikarudi wakanikatalia. Dar na unyevu wetu huu na chumvi ya bahari fangasi ni adui wa kweli, mnunulie mzee ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na zile pakiti za kunyonya unyevu, kamera ilale humo, siyo kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati. Wanaoshauri mchele wapuuzeni, una vumbi.

Kitu kingine kidogo ambacho nusura kiniondoe kabisa: wiki mbili nzima nilidhani D7000 yangu mbovu, kila nikichungulia naona ukungu, picha yenyewe ikitoka iko safi. Kumbe pembeni ya kioo cha kuchungulia kuna kigurudumu cha kurekebisha kulingana na macho ya mtu. Macho ya miaka sitini siyo ya miaka ishirini. Mzungushie hicho kabla hata hujamuonyesha pa kuwashia, halafu weka M, ile ya kupanga kila kitu kwa mkono, mfichie mengine yote. Menyu atakuja kuzifungua mwenyewe akizihitaji, mimi mpaka leo natumia kama tano.

Kosa atakalolifanya nalijua kwa sababu nililifanya. Sisi kwenye mkanda wa negativu tulizoea kuwahi kivuli, unapima sehemu ya giza unaongeza mwanga kidogo, mkanda unavumilia. Asubuhi ya Idd nikawapanga wajukuu saba na kanzu zao nyeupe, nikafanya hivyo hivyo, kuja kufungua kwenye laptopu kanzu zote zimeungua, nakshi za kofia hazipo, ni weupe mtupu na hamna namna ya kuurudisha. Dijitali inafanana zaidi na silaidi, ile mikanda ya picha za kumulika ukutani: linda weupe kwanza, kivuli utakiinua baadaye. Siku hizi nikishapiga naangalia kwenye skrini ule mchoro wa milima (histogramu), giza kushoto, weupe kulia, kama mlima umegonga ukuta wa kulia napunguza mwanga. Na apige RAW, yaani faili ghafi la kamera, umwambie hiyo ndo negativu yake, JPEG ni picha iliyokwisha kusafishwa na mtu mwingine, hapo hapo atakuelewa. Programu ya kusafishia ipo ya bure inaitwa Darktable, mimi nilijifunza taratibu na sasa ndo dakirumu yangu, bila barafu.

Mke wangu anauza vitumbua. Kila siku saa kumi alfajiri yuko jikoni, miaka zaidi ya thelathini, na mimi sikuwahi kumpiga akiwa kazini hata mara moja, enzi zile mkanda wa ISO 400 (kipimo cha wepesi wa kushika mwanga) ukiusukuma sana unafika 1600 na chenga zake, mwanga wa jiko la mkaa na taa moja hautoshi. Na D7000 nikaweka ISO 3200, apecha 1.8, shata 1/60, nikakaa kwenye kigoda kimya. Ikatoka picha anageuza kitumbua, moto unamulika kidevu na mkono, nyuma giza. Niliiprinti kubwa ipo sebuleni. Yeye alipoiona hakusema kitu, alikwenda kuifuta vumbi, haikuwa na vumbi.

Jumamosi huwa nashuka Ferry saa kumi na mbili na nusu, wakati wa mnada wa samaki, jua liko chini linapita katikati ya watu, ikifika saa tatu nafunga narudi Mbezi manake jua la Dar likishapanda linasimama utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo. Naomba ruhusa kwanza, na lenzi yangu inaangalia bahari na samaki, haiangalii upande wa Ikulu, wala sipigi makambi na mambo ya ulinzi. Hili mzee wako huna haja ya kumfundisha. Akipenda aje tuongozane, niandikie PM.

Kabla hujatoa hela lakini, muulize kama ana lenzi yoyote ya Nikon aliyobaki nayo. Kama ipo, iangalie kwenye pete: namba za apecha zikiwa zimeandikwa mistari miwili, ya juu kubwa na ya chini ndogo, hiyo ni AI, ya kuanzia 1977, itakaa kwenye D7000 bila shida. Ukikuta mstari mmoja tu usiifunge kwa nguvu, za kabla ya hapo zinaweza kuvunja kile kidude. Ipige picha kwa nyuma uiweke hapa niiangalie.