Mauzo yanapanda, pesa haionekani

Wateja hawakatiki na mauzo naandika kila siku, lakini siku ya kununua mzigo sina hela. Nakosea wapi?

Daftari lako linajua kilichoingia tu. Pesa inaweza kuwa imelala kwenye rafu, iko kwa waliokopa, au umeitoa mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo haiandikwi: asubuhi nauli, mchana dawa ya mtoto, jioni rafiki kapita ana shida. Tenga ukurasa wa "nilichochota" na uandike hata sarafu. Mimi ningeanza hapo kabla ya kumshuku msaidizi.

Naongeza asilimia 25 juu ya bei ya kununulia. Nikimpunguzia mteja asilimia 10, si nabaki na 15?

Hapana, hubaki na 15. Kitu ulichonunua kwa 80 unakiuza 100, faida 20. Punguzo la asilimia 10 linakatwa kwenye ile 100, si kwenye 80, kwa hiyo unauza 90 na kubaki na 10. Nusu ya faida imekwenda kwa neno moja la "haya, chukua". Sasa itabidi uuze viwili ili upate faida uliyokuwa ukiipata kwa kimoja.

Nitajuaje faida ya mwezi bila mhasibu?

Hesabu mzigo siku ya kwanza na siku ya mwisho, kwa bei ya kununulia. Kuhesabu kunachosha, najua, lakini hakuna njia ya mkato. Tuseme ulianza na mzigo wa 500, ukaongeza wa 300, ukabakiwa na wa 440. Basi uliouza ulikugharimu 360. Mauzo, pamoja na ya mkopo, ni 430: faida ghafi 70. Toa pango, umeme na mshahara, tuseme 45, unabaki na 25.

Usifunge daftari bado. Kama nawe huongeza asilimia 25, mzigo wa 360 ulipaswa kuleta 450. Hizo 20 zilizopungua ni punguzo ulilotoa, bidhaa zilizoharibika, mauzo yasiyoandikwa, au mtu anachukua. Bila kuhesabu mzigo usingejua hata kwamba zimepungua.

Nilipata mkopo, nikauandika kwenye mapato. Ni sawa?

Si sawa, ufute. Mkopo ni deni, na ukiuchanganya na mauzo, mwezi huo utaonekana wa neema. Vivyo hivyo unapolipa: riba ni gharama, ila kurejesha fedha uliyokopa ni kupunguza deni tu.

Daftari la karatasi au programu ya simu?

Lolote utakaloandika siku ileile. Mtawa wa Italia Luca Pacioli alipochapisha maelezo ya uwekaji hesabu wa pande mbili, yaani kuandika kila pesa ilikotoka na ilikokwenda, Venice, mwaka 1494, wafanyabiashara wa huko walikuwa tayari wakiutumia, kwa wino na karatasi. Ukichagua simu, weka nakala mahali pengine, simu huibiwa.