Ukienda Canal Street, simu iache mfukoni

Wageni wangu wakifika Manchester huuliza kwanza Old Trafford. Halafu, kwa sauti ya chini: ule mtaa wa mashoga uko wapi? Ndio Canal Street, karibu tu na stesheni ya Piccadilly, kwa miguu. Kipande kifupi cha barabara, baa upande mmoja, mfereji wa Rochdale upande wa pili.

Nenda mchana kwanza. Mimi mara yangu ya kwanza nilitoka kwenye jengo la maduka la Arndale Jumamosi jioni na mifuko minne mkononi, moja kwa moja hadi mlangoni mwa baa. Baunsa aliitazama mifuko, akatikisa kichwa. Nikarudi nyumbani na basi, mimi na mashuka yangu mapya.

Kwa manunuzi, Arndale ni maduka yaleyale ya kila mji. Afadhali Afflecks, jengo la vibanda vidogo ghorofa kwa ghorofa tangu 1982: nguo za zamani, beji, vikorokoro vya kila rangi. Aliyezoea kuchambua mitumba soko la Kongowea, Mombasa, hatapotea humo, ila asitegemee kupunguziwa bei.

Kisha vuka mfereji uingie Sackville Gardens. Hapo yuko Alan Turing wa shaba, yule mwanahisabati mwanzilishi wa sayansi ya kompyuta, ameketi kwenye benchi, tofaa mkononi. Alifanya kazi katika chuo kikuu cha mji huu. Mwaka 1952 akahukumiwa kwa uhusiano na mwanamume, miaka miwili baadaye akafariki. Msamaha ulikuja 2013! Nafasi ya kukaa kando yake ipo, nami huwa nakaa na sambusa zangu.

Siku moja nikiwa napiga picha sanamu hiyo, nikasikia nyuma yangu, "Shoga, nisubiri nifunge kiatu." Nikageuka nikicheka, maana ndivyo mimi na jirani yangu wa Mombasa tunavyoitana. Walikuwa vijana wawili wa kiume. Nikasema, "Mambo?" Wakanyamaza. Mmoja akanijibu kwa Kiingereza, macho yakiwa kwenye simu yangu: je, yumo kwenye hiyo picha?

Alikuwemo, pembeni, ameinama. Nikampa simu aone, nikaifuta mbele yake, nikafungua na kile kikapu cha picha zilizofutwa nikaimaliza na huko.

"Poa, dada," akasema.