Wanafunzi wakiishia kusema "inasikitisha"

SWALI: Nafundisha historia kidato cha sita. Tukifika Marekani ya 1900 hadi 1920, huwapa wanafunzi picha za watoto wa viwandani zilizopigwa na Lewis Hine. Wanasema "inasikitisha", basi. Nifanyeje wazisome kama vyanzo vya msingi, yaani ushahidi wa wakati ule ule?

JIBU: Mwalimu, anza kwa kuficha maelezo ya picha. Chukua ile ya Lancaster, South Carolina, ya Novemba 1908: msichana kando ya mashine ya kusokota pamba. Waandike wanachokiona tu, bila hisia. Kisha wasomee alichoandika Hine: msichana ana kimo cha inchi 48, yaani kama sentimeta 122, na amefanya kazi nusu mwaka.

Uliza: kwa nini ataje kimo? Swali hilo huliamsha darasa. Mzazi au msimamizi aliweza kudanganya umri wa mtoto, lakini kimo hakifichiki. Hine alikikadiria kwa kumlinganisha mtoto na vifungo vya kizibao chake mwenyewe, na viwanda vingine aliviingia kwa kujifanya mtu mwingine.

Sasa waulize nani alimtuma. Tangu 1908 aliajiriwa na National Child Labor Committee, kamati iliyopigania sheria dhidi ya ajira ya watoto. Wapo watakaokimbilia kusema "kumbe ni propaganda". Wazuie hapo hapo. Mpiga picha mwenye lengo anaweza kuwa shahidi wa kweli. Kazi ya mwanahistoria ni kumpambanisha na shahidi mwingine.

Shahidi huyo ni Mahakama ya Juu ya Marekani. Sheria ya 1916 ilizuia bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto wa chini ya miaka 14 zisiuzwe nje ya jimbo. Roland Dagenhart, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba huko North Carolina, alifungua kesi ili wanawe waendelee na kazi, na mwaka 1918 akashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Toa nakala ya aya chache za hukumu, pamoja na maoni ya Jaji Holmes aliyepinga. Mzazi anawezaje kudai hivyo? Waache wabishane kuhusu ujira na njaa, halafu waambie kwamba nyuma ya kesi walikuwapo wenye viwanda. Hati ya mahakama nayo ina aliyeisukuma.

Picha zaidi ya 5,000 za kamati hiyo zinapatikana bure kwenye tovuti ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa kipindi kimoja, moja inatosha. Zoezi la nyumbani: kila mwanafunzi achague nyingine na aandike maswali matatu ambayo picha hiyo haiwezi kuyajibu.