Ushirikiano wa vyuo kwenye michezo jumuishi na elimu ya lishe: niliyoyaona kwa miaka minne

Habari za jioni wakuu.

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema chuo chenu kimealikwa na vyuo viwili vya Ulaya kuandaa kwa pamoja mafunzo ya michezo jumuishi, yaani ya wenye ulemavu na wasio nao kwa pamoja, na elimu ya lishe, na umeuliza mambo matatu: kama kuna faida ya kweli au ni semina na posho tu, mtaanzia wapi, na moduli ziandikwe kwa lugha gani. Mimi nafundisha elimu ya viungo kwenye chuo cha umma hapa Tanzania. Nimekaa ndani ya mradi wa namna hiyo miaka minne, wenzetu wakiwa chuo kimoja cha Ujerumani. Nitajibu kwa niliyoyashuhudia mwenyewe.

Faida ipo, tena kubwa. Ila kwetu haikuja kwa mlango tulioutarajia wakati tunaandika andiko la mradi.

Nianze na maji. Mwaka wa kwanza tulipokea kutoka kwa wenzetu moduli ya lishe ya wanamichezo, nzuri kwelikweli: mwanamichezo anywe maji kiasi gani, dalili za mwili kupungukiwa, mpaka namna ya kusoma rangi ya mkojo. Tukaifundisha kama ilivyo. Jioni moja ya mwezi wa pili, joto la Pwani mnalijua, tulikuwa kwenye mazoezi ya mpira wa kikapu wa viti mwendo. Binti mmoja aliyeumia uti wa mgongo midomo ilikuwa imemkauka, na chupa yake ya maji iko mapajani, haijafunguliwa. Nikamwambia anywe. Akasema, "Nitakunywa nikifika nyumbani, mwalimu." Nikasisitiza. Akashusha sauti: "Choo cha hapa siingii."

Nilichukua futi kamba nikaenda kupima. Mlango sentimita 62, kiti chake sentimita 66, na mbele ya mlango kuna ngazi ya sentimita 15. Kumbe siku za vipindi yule binti alikuwa hanywi kitu toka asubuhi mpaka jioni, na alikuwa anaishi hivyo toka aripoti chuoni. Sisi tumemfundisha kusoma rangi ya mkojo, na pa kukojolea hana. Niliona aibu sana, na mpaka leo nikiandika hapa bado inaniuma.

Sasa tazama ushirikiano ulivyofanya kazi. Nilipolieleza jambo hili kwenye kikao cha mtandaoni, mwenzetu mmoja mtaalamu wa fiziolojia alishtuka kuliko mimi. Akatufundisha kitu ambacho miaka yote ya ualimu wangu sikukijua: mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu hatoki jasho vizuri chini ya pale alipoumia, kwa hiyo joto la mwili linapanda haraka na hana njia ya kulipunguza. Kwake kukosa maji kwenye jua ni hatari zaidi kuliko kwa mwenzake anayekimbia kwa miguu. Tukahamisha mazoezi yaanze saa kumi na mbili asubuhi, tukaweka kivuli, na chupa za kupulizia maji usoni na shingoni wakati wa mapumziko. Yeye alijua mwili, sisi tulijua choo, na hakuna upande ambao peke yake ungemfaa yule binti.

Choo chenyewe kilitusumbua. Bajeti ilikuwa na tiketi za ndege, semina, machapisho, lakini fungu la ujenzi halikuwemo. Kuomba kuhamisha fedha kulichukua karibu mwaka mzima wa barua. Mwishowe mafundi wa chuo walijenga mteremko. Kanuni ni moja kwa kumi na mbili, maana yake ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8, ukifupisha, mtu anarudi kinyumenyume. Mlango ukabadilishwa, ukawa wa sentimita 90.

Kwa hiyo swali lako la wapi pa kuanzia: anzeni kwa kuwaweka wanafunzi wenye ulemavu kwenye meza ya kuandika andiko, kabla ya bajeti kufungwa. Kikao chetu cha kwanza tulikuwa watu kumi na mmoja, wote tunatembea, tunaona na kusikia. Angekuwepo mmoja tu mwenye kiti mwendo, choo kingeingia kwenye bajeti siku hiyohiyo. Uongozi ukisita, wakumbusheni kuwa Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja michezo waziwazi. Tuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Kuhusu vifaa, msisubiri kontena. Mipira yetu ya mpira wa goli, ule wa wasioona ambao hata kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, watoto wanaucheza, ilikwama njiani miezi mitano. Mpira rasmi una uzito wa kilo 1.25, una kengele ndani na matundu manane ya kutolea sauti, kwa hiyo haujazwi upepo. Hilo la upepo ndilo lililotuokoa. Fundi viatu wa pale kona alipasua mpira wa kikapu uliochakaa, akatia njuga nne za ngoma, akashona, akatoboa matundu. Mzani wa dukani ulisoma gramu 700 na ushee, mwepesi kwa mashindano lakini kwa watoto unafaa kabisa. Mistari ya uwanja wa mita 18 kwa 9 tuliitengeneza kwa kamba ya katani iliyobandikwa chini ya utepe wa gundi, ili mchezaji aipapase kwa vidole ajue yuko wapi. Watoto wa shule ya jirani walifika, wakafungwa vitambaa machoni wote, wanaoona na wasioona, na dakika kumi za kwanza waliofunga magoli ni wale wasioona. Wenzetu wa Ujerumani waliporudi kwao walituomba vipimo vya mpira wa fundi viatu.

Lishe nayo lazima itoke kwenye sahani yenu. Slaidi tulizoletewa zilikuwa na samaki wa samoni, jibini na mkate mweusi. Mwanafunzi wetu anakunywa chai na chapati mbili asubuhi, mchana wali maharage, usiku chipsi. Tukabeba mzani mdogo mpaka kwa mama lishe wa getini tukapima sahani yake: wali karibu gramu 400, maharage upawa mmoja, mchicha kidogo pembeni. Hapo ndipo somo likawa somo. Anayetumia kiti mwendo misuli ya miguu haifanyi kazi, kwa hiyo kwa kawaida anahitaji nishati pungufu. Akila wali ule wote kila siku atanenepa, na mabega yake ndiyo yatakayoubeba huo uzito. Lakini protini asipunguze, maana anayekaa muda mrefu yuko kwenye hatari ya vidonda vya mgandamizo, na kidonda hakiponi mwili ukikosa protini. Tulichofundisha kikawa sentensi fupi: punguza wali, usipunguze maharage. Mama lishe akakubali kuuza nusu wali na maharage mara mbili kwa bei ileile, na siku dagaa wakiwepo anaongeza. Sasa hivi hata wasio na ulemavu wanaiagiza.

Safari za kubadilishana wanafunzi sitazisemea sana. Kama mradi wenu uko chini ya Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, fahamuni kwamba kwenye safari hizo kuna msaada wa kugharamia mahitaji ya ziada ya mshiriki mwenye ulemavu, hata msindikizaji. Lazima uombwe, tena mapema. Sisi mwaka wa kwanza hatukuomba, na mwanafunzi mwenye uoni hafifu akabaki nyumbani. Na msikimbilie kuanzisha shahada mpya, ithibati ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ina safari ndefu. Pachikeni somo moja ndani ya programu iliyopo.

La mwisho, lugha. Makaratasi ya mradi yawe Kiingereza, hamna namna. Lakini kila kitakachomfikia mwalimu wa shule ya msingi, mzazi au mama lishe kiandikwe Kiswahili toka rasimu ya kwanza, msingoje kutafsiri mwishoni, kwa sababu mkitafsiri mtajikuta mmebeba na samoni. Na lugha ya alama ina uzito uleule. Darasani kwetu kulikuwa na wanafunzi watatu viziwi, na mkalimani alikuwa anatamka "protini" herufi kwa herufi kwa vidole kila inapotajwa, mpaka mkono unachoka. Tukawaachia mchana mzima wao watatu na mkalimani wakubaliane alama. Kwa protini walichagua ngumi kwenye msuli wa mkono, kisha viganja vinavyopandana kama mtu anapanga tofali. Kwa wanga, mkono unaosonga ugali. Alama hizo ni za darasa letu tu, na ninyi mkifika hapo washirikisheni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, mapema ili msije mkabuni kitu ambacho tayari kipo. Tumezirekodi kwa video fupifupi, na wale watatu ndio wanaofundisha kwenye video. Nimeshawaomba ruhusa ya kuziweka hapa. Wawili wamekubali, nasubiri jibu la wa tatu.