Macho ya Daktari Eckleburg yanamhukumu nani?

SWALI: Mwalimu, kikundi chetu cha vitabu hapa Busia tunasoma The Great Gatsby. Mwenzetu mmoja, mlokole, anashikilia kwamba yale macho makubwa kwenye bango la Daktari Eckleburg ni Mungu mwenyewe, na kwamba ndiyo maana waovu wote wanalipwa. Mimi sikubali, ila sina hoja. Macho yale ni ya nini?
— Msomaji, Busia

JIBU: Ndugu msomaji, hoja unayo, imo humo humo kitabuni. Muulize mwenzako: ni waovu gani waliolipwa? Daisy ndiye aliyekuwa kwenye usukani gari lilipomuua Myrtle Wilson. Tom, mume wake Daisy, ndiye aliyekuwa hawara wa Myrtle. Wawili hawa wanafungasha mizigo na kuondoka na mali yao. Wanaozikwa ni Myrtle, mumewe mwenye gereji, na Gatsby, tajiri mwenye gari lile na mpenzi wa Daisy. Kama bango lile ni hakimu, basi limehukumu vibaya mno.

F. Scott Fitzgerald, aliyekitoa kitabu hiki mwaka 1925, hafichi asili ya macho yale. Ni ya rangi ya buluu, mboni zake zina urefu wa yadi moja, yamevaa miwani ya manjano, na hayana uso. Daktari wa macho aliyaweka pale atafute wateja, kisha akafa au akahama akayasahau. Rangi imechujuka. Yanatazama bonde la majivu, kati ya majumba ya matajiri na jiji la New York, mahali ambapo matajiri hupita tu. Nami nikiingia Kampala kwa Barabara ya Jinja natazamwa na nyuso za mabango kila upande, na hakuna hata moja inayonijua.

Uungu wa macho yale unatoka kwa George Wilson, mume wa Myrtle. Sura ya 8, usiku baada ya mkewe kufa, anasimama dirishani na kusema Mungu anaona kila kitu. Jirani yake Michaelis, mwenye mgahawa, anamwambia hilo ni tangazo tu. Sentensi hiyo fupi hunisikitisha kila niisomapo, kwa sababu ni ya kweli na haimsaidii Wilson hata kidogo. Hana kanisa, hana rafiki mwingine, anatafuta shahidi wa msiba wake. Kisha anachukua bastola. Anaamini mwenye gari ndiye aliyekuwa hawara wa mkewe na ndiye aliyemuua. Yote mawili si kweli, na kilichomfikisha kwa Gatsby ni neno la Tom.

Hapo ndipo ningependa kikundi chenu kikae muda mrefu. Aliyejua nani aliendesha gari alikuwepo: Nick, msimulizi, anayejisifu tangu ukurasa wa kwanza kwamba hana haraka ya kuhukumu watu. Sura ya 9 anakutana na Tom, Tom anamtupia Gatsby lawama zote, na Nick anaujua ukweli lakini hausemi. Wanapeana mikono. Bango lina udhuru, ni mbao na rangi. Nick ana udhuru gani?

Na msimpite yule mlevi wa maktaba, anayeitwa Macho ya Bundi. Kwetu bundi huogopwa, lakini huyu mimi nampenda. Katika karamu ya Gatsby ni yeye anayeshika vitabu rafuni na kugundua kwamba ni vya kweli, ingawa kurasa zake hazijakatwa, yaani havijawahi kufunguliwa na kusomwa. Siku ya mazishi, mamia ya wageni wa karamu hawaonekani. Yeye anakuja chini ya mvua, anavua miwani yake na kuifuta nje na ndani, kisha anamsikitikia marehemu kwa neno moja la matusi lililojaa huruma.

Someni kwa sauti mazungumzo ya Wilson na Michaelis, kisha ya Nick na Tom, siku moja. Mlokole wenu apewe nafasi ya Michaelis.