Kumsaidia Kijana Kusema Tamthilia ya Kishairi

Kwa miaka kadhaa nimewaongoza waigizaji vijana katika tamthilia za kishairi, hasa *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kutolewa tena mwaka 1969 ikiwa imesahihishwa. Wengi hudhani kwamba kinachowashinda vijana ni msamiati wa kale. Msamiati husumbua siku mbili tatu tu, kamusi ikafunguliwa, yakaisha. Tatizo linalodumu ni kwamba kijana huusema mstari badala ya kuisema sentensi.

Chanzo chake si uzembe. Aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo amezoea mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, wenye nusu mbili, ukwapi na utao, za mizani nane nane, unaofungwa kwa kina na mara nyingi kujitosheleza kimaana, kwa hiyo sikio lake husubiri pumziko kila ufikapo ukingo. Shakespeare, kwa sehemu kubwa, aliandika mistari isiyo na vina yenye silabi kumi hivi, na Nyerere naye hakuifunga kwa vina. Humo mistari mishata ni mingi: wazo huanzia katikati ya mstari mmoja likaishia katikati ya wa tatu. Kijana akishusha sauti kila mwisho wa mstari, hadhira hupokea vipande vya maneno mazuri visivyosema lolote.

Ndiyo maana siku hizi siku ya kwanza siitumii kufundisha mizani, ingawa zamani nilifanya hivyo na kuambulia kundi la vijana waliogonga meza vizuri kuliko walivyosema. Ninawaambia watembee huku wakisoma kwa sauti, na wageuke upande mwingine kila wafikapo kwenye alama ya uandishi, si kwenye mwisho wa mstari. Miguu huelewa haraka. Penye mikato mingi mhusika anayumba kimawazo, na penye mwendo mrefu usio na kituo pumzi hutakiwa kutosha mpaka neno la mwisho, ambalo halipaswi kufifia kwa sababu mara nyingi ndilo lililobeba habari. Baada ya hapo ndipo tunaurudia mstari na kuuliza kwa nini mwandishi ameukata pale alipoukata.

Huwa pia ninawaomba waseme hotuba nzima kwa maneno yao wenyewe. Zoezi hili ni zuri likifanywa mara moja au mbili. Likizidi, kijana huyapenda maneno yake kuliko ya mwandishi. Kosa baya zaidi nililowahi kulifanya ni kuwasomea mimi mwenyewe ili wafuatishe, kwani nilipata makasuku sita wenye sauti yangu, na kazi ya kuwaondolea sauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya kuwafundisha upya.

Hotuba za mazishi ya Kaizari ni darasa kamili. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, huzungumza kwa nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, iliyopangwa kama hoja za wakili, kisha Antony, rafiki wa Kaizari, huja na ushairi, na tofauti hiyo peke yake humweleza mwigizaji ni nani anayezilenga akili za watu na ni nani anayeilenga mioyo. Antony hurudia tena na tena kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Kijana mmoja aliyasema maneno hayo kwa kejeli ileile tangu mara ya kwanza, hotuba ikawa haina pa kwenda. Nikawaambia wenzake, waliokuwa raia wa Roma, wampe mgongo kila wanapohisi kwamba haongei nao. Kufikia mstari wa tano wote walikuwa wamegeuka. Akaanza upya, safari hii akiwaomba kwa unyenyekevu, mara ya kwanza akiitaja heshima hiyo kana kwamba anaiamini, na shaka ikaingia kidogo kidogo.

Kwa kuwa waigizaji wa zama za Shakespeare walipewa maneno yao wenyewe tu na maneno machache ya kuwaashiria zamu yao, maelekezo mengi ya jukwaani yamo ndani ya usemi wenyewe. Jambo hilo sikuwa nimemwambia kijana yule. Siku iliyofuata alinijia na nakala yake akiwa amepigia mstari mahali ambapo Antony anawaomba watu ruhusa ya kushuka, akaniuliza kwa nini tulikuwa tumemwacha juu ya mimbari muda wote.