Barua kwa mwanangu: uhamisho si adhabu

Mwanangu Zuhura,

Sisi hatujambo, na baba yako bado anabishana na redio. Umeniuliza ile tume ya huko kwenu Australia, iliyochunguza kuanzia 2013 hadi 2017 namna taasisi zilivyoshindwa kuwalinda watoto na udhalilishaji wa kingono, ina faida gani kwa watu walioumizwa utotoni ambao leo wana wajukuu. Wewe waulizia walioumizwa. Mimi, tangu uliponitumia picha ya tepe za rangi zilizofungwa kwa ajili ya walioumizwa kwenye uzio wa kanisa la mji wa Ballarat, nawawaza waliokuwa wakijua.

Padri Gerald Ridsdale, Mkatoliki wa huko Ballarat aliyewadhalilisha watoto, alihamishwa parokia hadi parokia, hali wakubwa wake wakijua malalamiko dhidi yake, na kila alikopelekwa palikuwa na watoto. Uhamisho si adhabu. Umenisikia nikilisema hilo tangu udogo wako, ila sikukuambia nililitoa wapi.

Tulipokuwa tukikaa nyumba za walimu, mwanafunzi wangu wa darasa la sita aliacha kuja kwaya. Nilimkuta nyuma ya jiko la shule, ameketi juu ya kuni, akichana daftari lake ukurasa mmoja mmoja. Aliyoniambia kuhusu mwalimu mwenzangu niliyaandika kurasa mbili. Mkuu wa shule aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, wala si kwenye jalada. Baada ya mwezi yule mwalimu alipata uhamisho, tukamwandalia pilau na soda na kumzawadia saa ya ukutani. Nami nilichangia, jina langu lilikuwamo kwenye orodha.

Baba yako husema ningefanya nini zaidi, na kweli wazazi wa mtoto walinisihi nisiwaaibishe. Lakini wao walikuwa wakulima wenye hofu. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali, na kituo cha polisi hakikuwa mbali. Mkuu wa shule naye simhukumu, maana ndiye aliyetukopesha nauli tulipokwenda kumzika babu yako. Simhukumu, ingawa ule mfuko wa shati nauona hadi leo.

Kwa hiyo kinachonivutia katika tume yenu ni vile vikao vya faragha, zaidi ya 8,000, ambamo mtu aliketi na kamishna akasimulia bila kuhojiwa na wakili wa upande wa pili. Wengi walikuwa wamenyamaza kwa zaidi ya miaka 20. Mahakama humuuliza mtuhumiwa alitenda nini. Tume iliwauliza na maaskofu barua za malalamiko walizipeleka wapi. Sijui mimi ningejibu nini.

Yule binti nilikutana naye sokoni mwezi uliopita, akipima dagaa. Akaniamkia, “Shikamoo, mwalimu,” nikaitika marahaba, basi.

Nakala ya kaboni ya barua ile imo kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vyako. Ukija Desemba nitakuonyesha, baba yako akiwa msikitini.

Mama yako